Samaa Imechelewa Melini

Jeconia Mulei alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge pale Murera, na kama kuna kitu kinachoharibu kichwa cha mtu upesi kuliko pombe, basi ni ukarani. Mpe mtu kalamu, mpe kiti na meza ya kuegemea, na haupiti muda ataanza kuamini kwamba hata mvua inangoja sahihi yake ndipo inyeshe. Mama yake, Ndunge, alimpenda kwa sababu alimzaa. Siku hizo hakuiona sababu nyingine.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ulihusu Nairobi. Ndunge alitaka kwenda Nairobi. Hakutaka kuhamia, hakutaka kununua kitu, hakutaka hata kunywa chai ya huko. Alitaka kwenda, aone kitu kimoja, arudi nyumbani kwake alale. Tena alitaka kwenda upesi, maana macho yake yalikuwa yanamwacha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kazi. La kulia lilikuwa na ukungu uliokuwa unashuka kidogo kidogo, na sura za watu alizitambua tu wakishamkaribia. Juzi juzi alikuwa amemkaribisha kuku ndani na kumwuliza habari za shule, akidhani ni mjukuu. Daktari wa misheni alimwambia bila kuzunguka kwamba hilo jicho nalo litafunga, na kwamba hakuna dawa.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Marehemu mumewe, Kilonzo, alikuwa mchonga mawe. Walitoka Ngoliba wakiwa bado vijana, wakaja upande huu wa Murera kwa sababu ya machimbo, na mawe aliyoyachonga Kilonzo yalipanda magari kwenda Nairobi kujenga nyumba za watu asiowajua. Mara moja tu alipelekwa huko yeye mwenyewe, pamoja na wenzake, kuweka ngazi za jumba moja kubwa lenye ndege wa jiwe juu ya mlango, mabawa wazi. Siku ya mwisho, msimamizi alipokwenda kula, Kilonzo alishika patasi akachonga alama yake ya mzinga kwenye jiwe la chini kabisa, upande wa kulia wa mlango.

Asiyetoka Ukambani itabidi aelezwe hapo. Mzinga wa nyuki hutundikwa mtini, porini, mbali na nyumba, wala hauna mlinzi. Mlinzi wake ni alama iliyochongwa kwenye gogo. Mtu anaweza kufa njaa chini ya mzinga wenye alama isiyo yake, na wazee wakamsifu kwenye mazishi. Chenye alama yako ni chako, hata kama hujakitia machoni miaka mingi, hata kama wewe umekufa na wanao ndio waliobaki. Alama ya Kilonzo ilikuwa mistari miwili iliyopishana, na mkia mmoja chini.

Alirudi kutoka Nairobi akicheka peke yake njia nzima, akamwambia mkewe, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Nitakupeleka ukaone," Kilonzo alisema. Lakini vumbi la mawe lilikuwa limeshajaa kifuani mwake, na kifua hakikumpa nafasi. Kwa hiyo ahadi ilibaki kwa mwana, na mwana alikuwa karani.

Nairobi si mbali na Murera. Unapita Ruiru, unapita Kahawa, umefika. Ndunge angeweza kupanda basi mwenyewe, macho au bila macho. Lakini mama wa karani akionekana anapanda basi peke yake, watu watasema mwana amemtupa, na Ndunge hakutaka mwanawe asemwe vibaya na mtu mwingine zaidi yake. Basi alimwomba ampeleke. Jeconia akasema vizuri, mwaitu, maana ndivyo Mkamba amwitavyo mama, tutakwenda, lakini lazima kwanza tufanye bajeti.

Neno hilo alikuwa amelitoa ofisini, na tangu alipolitoa halikukaa chini. Aliunda kamati. Kila Jumapili baada ya kanisa kamati ilikutana nyumbani kwake, kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, Jeconia akiwa mwenyekiti na mkewe Wayua akiwa mweka hazina wa hazina ambayo haikuwapo. Mjumbe wa tatu alikuwa jirani yao Macharia, fundi wa mashine ya kukamua mkonge, ambaye alichaguliwa kwa kuwa alikuwa amewahi kuishi Nairobi na alivijua vichochoro vyake vyote. Kasoro yake ilikuwa moja. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane, hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na Mkikuyu hakuruhusiwa kwenda Nairobi bila karatasi ya serikali. Hivyo aliyeijua njia alikatazwa njia, na walioruhusiwa walikuwa wanajadili.

"Mimi nawashangaa nyinyi Wakamba," Macharia alisema siku moja. "Mnaweza kupanda basi kesho asubuhi. Mimi nikitaka kupita tu hapo Ruiru lazima DO wa serikali aandike, na nimeomba hiyo karatasi mpaka nimechoka. Haki ya Mungu, ningekuwa nyinyi ningekuwa nimeenda, nikarudi, nikaenda tena."

"Macharia," Jeconia akasema kwa upole, "safari bila bajeti ni kutangatanga."

Ndunge alikuwa amekaa mlangoni akipembua maharagwe kwa vidole. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema.

"Subira huvuta heri, mwaitu."

"Subira huvuta heri ukiwa na macho ya kuiona hiyo heri ikija."

Kamati iliandika kwamba maoni ya mama yamesikika.

Sasa, neno lililoharibu kila kitu lilitoka nyumba kubwa ya Mzungu mwenye shamba. Jeconia alikuwa amepeleka karatasi za mizani, akamkuta memsahib wa shamba barazani na chai yake. Akajikaza, akamwuliza kwa heshima, watu wenye akili wakitaka kutembelea mji mkubwa kwa gharama ndogo, wanakwenda lini? Memsahib alikuwa amekumbuka kwao Ulaya siku hiyo, na majira ya joto ya huko. Akatazama mbali, macho yakamlegea, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi: "Samaa, Mulei! Mwezi ya Julai. Jua mingi sana, watu nalala nje kwa majani, nakula nje, hapana taka koti. Rahisi kabisa!"

Jumapili iliyofuata Jeconia alisimama mbele ya kamati, uso unang'aa. Akaeleza kwamba tatizo lote la bajeti limekwisha. Wakienda samaa hawatalipa malazi, kwa sababu watalala nje kwenye nyasi. Hawatabeba mablanketi, kwa hiyo hapatakuwa na mzigo wa kulipia. Hawatahitaji kuni, maana muthokoi, mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, utawekwa juu ya jiwe na samaa itaupasha moto yenyewe.

"Julai?" Ndunge akauliza. "Julai ya hapa?"

"Julai ni Julai, mwaitu. Memsahib amesema mwenyewe."

"Huyo memsahib amewahi kulala nje Julai?"

Hakuna mtoto wa Murera asiyeijua Julai. Ukungu unakaa mpaka saa za chakula, manyunyu hayaishi, ng'ombe wanatetemeka, na moto wa jikoni hauzimwi kutwa. Jeconia alizaliwa hapohapo. Kila Julai alikwenda kwenye mizani amevaa sweta mbili na gunia mabegani. Ngozi yake ilijua. Lakini ngozi haikwenda shule, na Jeconia alikuwa amefika darasa la sita, kwa hiyo walipokosana, yeye na ngozi yake, alishinda yeye. Hoja ikapitishwa. Ndunge akahesabiwa kuwa amekubali kwa sababu alinyamaza, na alinyamaza kwa sababu alikuwa anatafuta neno ambalo Mkristo anaweza kulisema Jumapili.

Julai ikaja jinsi inavyokuja siku zote. Kamati ilikutana wajumbe wamejifunika mablanketi mpaka vichwani, kasoro mwenyekiti, ambaye kwa heshima ya samaa alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

"Wa-wajumbe," akasema, meno yakigongana, "samaa haijafika."

"Na haitafika," akasema Macharia.

"Itafika. Tufikiri kama watu waliosoma. Samaa ni kitu cha wapi? Cha Ulaya. Vitu vya Ulaya vinakujaje? Kwa meli. Kwa hiyo itakuwa imechelewa melini, ama imekwama Mombasa."

Wayua, ambaye alimpenda mumewe na hakupenda kumwona akiaibika, akasema polepole, "Hata spea za baiskeli yako zilichelewa sana."

"Asante, mweka hazina. Pedali moja! Sasa fikirini samaa nzima."

Mnacheka, lakini msicheke sana. Siku zile kila kitu tulichoambiwa ni kizuri kilikuwa njiani kinakuja kutoka Ulaya, na sisi wote tulikuwa stesheni tunakingoja.

Jeconia alikwenda stesheni kweli. Alipanda baiskeli mpaka Thika, akapanga foleni kwenye dirisha la mizigo, akauliza kama Samaa imefika. Karani wa huko alidhani Samaa ni jina la mwenye duka fulani. Akakagua, akageuza karatasi, akasema kwa adabu kwamba hakuna mzigo wowote wa Samaa, ajaribu tena mwezi ujao. Jeconia alirudi Murera amelowa chepechepe, na furaha tele.

"Nimewaambia!" akasema. "Stesheni wamekubali kwamba haijafika. Safari imeahirishwa, lakini iko palepale."

Usiku ule Ndunge hakukasirika. Hasira ilikuwa imemwishia, na mahali pake palikuwa pameingia woga. Kila alfajiri alikuwa na desturi ya kusimama nje na kutazama bomba la moshi la kiwanda cha mkonge, refu, jeusi, ng'ambo ya laini. Ndilo alilopimia jicho. Siku akiliona alijua bado ana nafasi. Asubuhi moja mwezi wa nane alitoka, akatazama, na bomba halikuwapo.

"Wayua!" akaita. "Ukungu wa leo ni mwingi, sivyo?"

Wayua alitoka na mtoto mgongoni. Akatazama angani, kisha akamtazama mkwewe.

"Leo hakuna ukungu, mwaitu."

Ndunge alirudi ndani akakaa kitandani. Aliogopa, na aliona uchungu, kwa sababu alikuwa amempa mwanawe muda wake wote akautumia kwa mikutano. Kisha akainama, akapapasa chini ya kitanda, akavuta viatu vyake vya kanisani. Mwenda bure si mkaa bure, alijiambia. Watu wakisema mwana amemtupa, na waseme. Hakuaga mtu.

Barabara ya machimbo aliijua kwa miguu, hakuhitaji kuiona. Malori ya mawe yalipita hapo kila siku kwenda Nairobi. Yalikuwa yakipita kamati ikikutana, yakitikisa vikombe vyake mezani, na hakuna aliyewahi kuyataja, kwa sababu lori la mawe halimo kwenye bajeti. Ndunge alisimama pembeni akainua fimbo. Lori likasimama. Dereva alikuwa Zacharia, Mkamba, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Mwaitu, unakwenda wapi na viatu vizuri hivyo?"

"Nairobi. Kuna nyumba yenye ndege wa jiwe juu ya mlango. Unaijua?"

"Ile ya ndege?" Zacharia akacheka. "Mimi napita mbele yake kila siku! Leo mawe yangu yanashuka barabara ya pili tu kutoka hapo. Panda."

Ndunge alipanda. Hilo jibu alilirudia moyoni safari nzima. Napita mbele yake kila siku.

Ruiru walisimamishwa na askari. Wenye karatasi walitoa karatasi, na walioshushwa kwenye basi lililotangulia walikuwa wamepangwa mstari kando ya barabara, wamechuchumaa, mikono kichwani. Askari mmoja aliangaza macho ndani ya lori, akaona bibi kizee wa Kikamba, akapunga mkono wapite. Ndunge hakuwaona vizuri wale waliochuchumaa, aliona weusi wao tu. Akamkumbuka Macharia, akaona aibu kwa zile Jumapili zote.

Mji wenyewe hakuuona. Baadaye watu walimwuliza sana juu ya Nairobi, na alisema ukweli: ni kelele, ni harufu ya petroli, ni kijivu kilichosimama pande zote. Zacharia alisimamisha lori, akamshika mkono, akamvusha mpaka akahisi ngazi chini ya kiatu. "Ndege yuko juu yako, mwaitu," akasema. "Nikimaliza kushusha nakuja." Akaondoka.

Ndunge alikwenda upande wa kulia wa mlango, akapiga magoti, akaweka uso wake karibu na jiwe la chini kabisa mpaka pua ikagusa. Kitu kikiwa karibu hivyo jicho lake bado liliweza. Aliona punje za jiwe. Alisogea kidogo, akasogea tena, ikaja: mistari miwili iliyopishana, na mkia chini. Mkono wa Kilonzo. Mkia aliuvuta upande kidogo, jinsi alivyouvuta kwenye kila mzinga kule Ngoliba, kwa sababu alikuwa na haraka na mambo yake siku zote. Ndunge akacheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko, kutoka jicho linaloona na lisiloona.

Viatu vya buti vikaja mbio.

"Wewe mama! Ondoka hapo! Hapa hakuna luhusa, hii ni mali ya wenyewe!"

Kwa hiyo "luhusa", ya ulimi wa Kikamba, Ndunge alimjua kwao ni wapi. Hakuinuka. Alimwita kwa Kikamba aje aone, akamshika mkono yule askari wa mlangoni, akaweka kidole chake ndani ya mchongo. Kidole kilifuata mstari wa kwanza, kikafuata wa pili, kikashuka kwenye mkia, kikasimama.

"Hii ni alama ya mzinga," askari akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nasimama hapa tangu nilipoandikwa. Nilidhani ni mkwaruzo." Akashusha sauti. "Nani alichonga?"

"Baba Jeconia. Mume wangu. Na hizi ngazi ni zake."

Askari alitazama barabara juu na chini. Alikuwa na sare, rungu na watoto wa kulisha. Lakini baba yake alikuwa na mizinga, na mambo aliyofundishwa chini ya mizinga hiyo yalimwingia kabla ya mambo ya sare.

"Basi kaa kidogo, mwaitu," akasema mwishowe. "Ila wenyewe wakija, lazima uondoke."

"Wenyewe tumeshakuja," Ndunge akasema, akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu yake.

Askari alikwenda akasimama mbele yake, akampa mgongo, kifua mbele, ili wanaopita wasimwone. Alisimama hivyo mpaka lori likarudi.

Ndunge alipofika Murera giza lilikuwa limeingia na nyumba ya Jeconia imejaa watu. Kamati ilikuwa imekutana kwa dharura kupanga namna ya kumtafuta mama kwa gharama ndogo. Walikuwa wamefika kwenye suala la mafuta ya taa. Wayua alimwona kwanza, akapiga ukemi, akamkumbatia akilia.

"Mwaitu! Ulikuwa wapi?" Jeconia akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu awe karani sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nairobi."

"Na nani? Kwa bajeti gani?"

"Na lori. Lile linalotikisa vikombe vyako." Akakaa, akavua viatu. "Nimeiona alama ya baba yako. Iko. Nimekaa kwenye ngazi zetu mpaka nikachoka kukaa."

Macharia alitoka nje, na wote walimsikia akicheka huko gizani, kicheko ambacho mwisho wake hakikuwa kicheko. Jeconia alibaki amesimama na kalamu mkononi. Kamati haikukutana tena baada ya hapo, ingawa hakuna aliyeivunja.

Samaa ilifika mwezi wa pili. Jua likashuka juu ya Murera kwa nguvu zake zote, nyasi zikakauka, mbwa wakahamia chini ya matangi ya maji. Ukungu wa kwenye jicho la Ndunge ulikuwa umeshashuka wote. Alikuwa amekaa mlangoni, akipembua maharagwe, aliposikia hatua za mwanawe zikija na kusimama. Jeconia akakaa kando yake.

"Mwaitu," akasema, "samaa imefika. Sasa tunaweza kwenda." Kisha akayatazama macho ya mama yake. "Nimechelewa, mwaitu."

Ndunge alinyoosha mkono akaupata uso wake, akaupapasa polepole, paji, pua, kidevu kilichokuwa cha Kilonzo mtupu.

"Mimi nilishakwenda," akasema. "Nenda wewe, na Wayua, na watoto. Macharia naye mwende naye siku wakimpa karatasi yake. Ni upande wa kulia wa mlango, jiwe la chini kabisa. Kuna askari hapo, mwambie wewe ni wa nani. Na Jeconia..."

"Naam, mwaitu."

"Msilale nje."